Crohn ni ugonjwa wa Wazungu? Karibuni tubishane

Nyuzi_Tano: Wakuu, salaam. Juzi kwenye daladala jamaa kasema uvimbe sugu wa utumbo, Crohn na yule mwenzake wa vidonda vya utumbo mpana, ni magonjwa ya Wazungu, sisi hayatuhusu. Ninavyojua mimi, mwaka 2001 watafiti walikuta jini la NOD2 linahusika na Crohn. Linatengeneza kipokezi ndani ya seli za kinga, kazi yake kutambua vipande vya ukuta wa bakteria. Kikiwa na hitilafu, kinga inachanganyikiwa na bakteria wa utumboni. Sasa kipokezi nacho kina rangi?

Mpemba_wa_Tandika: Jini la NOD2? Linapenda ubani gani?

Nyuzi_Tano: JENI mkuu. Simu hii.

Kobe_Mzee: Tusidanganyane. Hitilafu za NOD2 zinazotajwa sana ni adimu kwa Waafrika, na wengi walio nazo hata hawaugui. Sisi minyoo imeifunza kinga yetu adabu tangu utotoni. Nyie mnaokimbizana na dawa za minyoo mnajitafutia.

Mama_Wawili: Kobe, una mtoto wewe? Wa kwangu alitapika mnyoo akiwa na miaka 4, urefu wa peni. Nilimtoa mdomoni kwa mkono wangu huu. Nieleze hiyo ndiyo adabu gani.

Kobe_Mzee: Bibie usinune. Marekani wagonjwa walinyweshwa mayai ya minyoo ya nguruwe, wakapata nafuu.

Mpemba_wa_Tandika: Ya NGURUWE?

Chaki: Mayai ya mnyoo siyo nyama ya nguruwe, Mpemba.

Mpemba_wa_Tandika: Mnyoo kala nini humo ndani? Ubwabwa?

Zamu_ya_Usiku: Majaribio makubwa yaliyofuata hayakuona faida, kwa hiyo nguruwe apumzike. Nimeshika wodi miaka 11. Mtu akija amekonda, homa za jioni, tumbo linauma, sisi wazo la kwanza ni TB ya utumbo, na mara nyingi ndiyo yenyewe. Hata kinyama kikikatwa kupimwa, TB na Crohn vinaweza kufanana. Balaa ni kukosea. Infliksimabu, dawa ya Crohn, inazuia TNF, kemikali ya kinga inayochochea uvimbe, na TNF hiyo hiyo ndiyo inayoshikilia boma lililofungia vijidudu vya TB vilivyolala. Ukilibomoa bila kupima TB kwanza, umefungua zizi.

Chaki: Siyo TNF tu. Ipo dawa nyingine, vedolizumabu, inaziba kile ambacho seli za kinga hushikia ili ziingie utumboni. Zinabaki kwenye damu zinazunguka.

Dada_wa_Kiwanjani: Mimi nilimeza dawa za TB miezi 6, mkojo rangi ya karoti, kilo zinashuka tu. Kamera ya pili ndiyo wakasema Crohn. Mweusi tii, bibi yangu Mmakonde. Haya, Kobe.

Kobe_Mzee: Pole dada. Ila chipsi unakula?

Mama_Wawili: Mtu kateseka miezi sita, wewe unamuuliza chipsi!

Kobe_Mzee: Nauliza tu, vyakula vya kiwandani navyo vinatuhumiwa.

Nyuzi_Tano: Jamani, mimi niliuliza kuhusu vipokezi...

Mama_Wawili: Subiri wewe. Kobe, dawa ya minyoo mara ya mwisho umemeza lini?

Kobe_Mzee: Mwezi wa tatu. Mke wangu alinisimamia.