Mrejesho: Mama aliyekuwa anapaliwa baada ya kiharusi

Habari zenu ndugu zangu. Mwezi wa tatu niliwauliza kuhusu mama: kapooza upande wa kulia, maneno hayatoki, na kila akinywa kitu anapaliwa. Ahsanteni sana. Nilimketisha wima, nikampa uji mzito kijiko kidogo kidogo, simlazi mpaka nusu saa ipite. Kupaliwa kumepungua mno, ila maji matupu bado yanamshinda. Mtaalamu atampima tena. Kumgeuza kila baada ya saa 2 kumesaidia, ngozi ya kiunoni iliyoanza kuchubuka imekauka. Mkono haujarudi, kuchua kwa mafuta hakukuubadilisha. Mazoezi tunaendelea, dawa za presha hakosi. Juzi nikimfuta mdomo akaniita jina langu. Nililia, jamani.