Uzamili wa habari na mawasiliano: Mikocheni, Chuo Kikuu Huria au SUZA?

Mtoto wa Micheweni
Assalaam aleykum wanajamvi. Nna miaka minane kwenye redio ya jamii huku Pemba, natayarisha kipindi cha wakulima wa karafuu na mwani. Shahada ya kwanza ninayo, GPA 3.4, kwa hivyo lile sharti la GPA 2.7 la kuingilia uzamili si tatizo. Nataka uzamili wa chuo cha serikali na njia nazoziona ni tatu: Shule Kuu ya Uandishi wa Habari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mikocheni, Chuo Kikuu Huria nikiwa hapa hapa, au SUZA, yaani Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Nna watoto wawili na mama mtu mzima. Naomba walopita wanieleze.

Abiria wa Mkoani
Waaleykum salaam dada. Mimi nimesoma Mikocheni. Shule ile imetokana na chuo cha zamani cha uandishi, kilichounganishwa na Chuo Kikuu 2003, na utamaduni wa chumba cha habari bado upo. Nilikaa meza moja na mhariri wa gazeti, afisa uhusiano wa wizara na mtangazaji kutoka Kigoma. Ukisema neno juu ya redio, kuna mtu atakupinga kwa mambo aliyoyaona kwa macho yake. Hilo sikulipata kwengine.
Kilichoniumiza si ada, ni chumba na safari. Boti ya Unguja na Dar ni kama saa mbili, lakini sisi tunaanzia Mkoani. Mwanzo nilikuwa narudi kila mwezi, baadae nikawa naonana na wanangu Idi kwa Idi. Mwenye mama mtu mzima alifikirie hilo kabla ya yote.

Bi Mwani
Dada, Huria inamfaa mtu kama wewe, ila inataka roho ngumu. Chuo kimeundwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya watu wenye kazi na majukumu, kina kituo Unguja na kituo Pemba, na uzamili wa mawasiliano ya umma wanao. Mimi nilikuwa naamka saa kumi, nasali, nasoma mpaka watoto waamke kwenda skuli. Mwaka mzima taa ya jikoni kwangu ndiyo iliyokuwa ya mwanzo kuwaka mtaani.
Tabu yake ni upweke. Hakuna wa kukuuliza umefika wapi. Tafuta wenzako wawili, mkutane kila Jumamosi, hata mkisomeana ukurasa mmoja.

Msomaji wa Kilimani
Mimi nakuuliza kwanza: unataka kutafiti nini? SUZA imeanza kufundisha 2001, na kile chuo chetu cha uandishi wa habari kimeingizwa humo. Uzamili nilioufanya hapo ni wa Kiswahili, mada yangu ikawa lugha ya magazeti ya Zanzibar kabla ya Mapinduzi. Nimekaa Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, miezi mitano nikifungua magazeti ya Al-Falaq, Mwongozi na Afrika Kwetu. Karatasi zimekuwa rangi ya chai, ukigeuza kwa pupa kona inabaki mkononi. Tasnifu nimeiandika kwa Kiswahili, na mambo ya kwetu nikayasema kama tunavyoyasema. Huko kwengine utaandika kwa Kiingereza.
Lakini nikwambie kweli: tangazo la kazi likitaka shahada ya mawasiliano, cheti changu ni cha Kiswahili. Limenikuta mara mbili.

Mpiga Kasia
Chuo sikitaji. Nilibadilishiwa msimamizi mara tatu, sura ya kwanza ikakaa miezi kumi na moja haijasomwa. Wa tatu alikuwa mtu wa matangazo ya biashara, na mimi naandika juu ya redio. Kabla hujalipa hata shilingi, nenda kaulize nani atakusimamia na yeye mwenyewe ameandika nini.

Abiria wa Mkoani
Kweli kabisa. Na pesa: Bodi ya Mikopo ya Zanzibar, usiwaache. Tena hata ukisajiliwa Dar, utafiti ukiufanya huku kibali ni cha Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Uanze mapema.

Mtoto wa Micheweni
Nashukuru sana, nyote. Mada yangu ni wasikilizaji. Tangu 2017 naandika kwenye madaftari kila anayepiga simu: kijiji, mwanamke au mwanamme, kauliza nini. Yamefika saba. Wanawake wa mwani wanapiga zaidi maji ya bahari yanapokuwa hayajatoka, yakishatoka wako pwani. Sikujua kama hili linaweza kuwa utafiti.

Msomaji wa Kilimani
Dada, wewe una hazina! Sasa jibu limekuja lenyewe: wasikilizaji wako wako Pemba, usiwakimbie. Mimi nimegeuka, nasema Huria.

Bi Mwani
Na mimi. Ila majina na nambari za simu uzifunike, watu walipiga kuuliza mambo ya mwani, hawakupiga kuandikwa kwenye tasnifu.

Mtoto wa Micheweni
Majina sikuyaandika, nambari zipo. Jumatatu naenda kituoni Huria, nachukua daftari la kwanza, na swali langu la mwanzo litakuwa la msimamizi. Bi Mwani, hizo Jumamosi zako bado zipo?

Bi Mwani
Zipo. Tuko Wete, saa nne asubuhi. Njoo na daftari.