longjmp kwenye testi za C: variabo inarudi thamani ya zamani nikiwasha -O2

Muulizaji:
Wakuu naombeni msaada. Kuna fanksheni yetu kufa() inaita exit, imetangazwa _Noreturn (yaani hairudi kwa aliyeiita), sasa kwenye testi nimeweka ya kwangu feki inayofanya longjmp (inaruka moja kwa moja hadi pale setjmp ilipoitwa) kurudi kwenye testi maana ikirudi kawaida tu kodi inaendelea mbele pale ambapo haikutakiwa ifike kabisa. Kwa -O0 (kompaila haiboreshi kodi) iko poa ila kwa -O2 (inaboresha) variabo `hatua` niliyoipa 2 kabla ya kuita kufa() inasoma 0. Nimeandika `int r = setjmp(bafa);` halafu `if (r == 0)`. Hii ni bagi ya kompaila au?

Jibu 1:
Kompaila haina kosa mkuu. Variabo ya kawaida ya ndani ya fanksheni iliyoita setjmp, ukiibadilisha baada ya setjmp na haina volatile (neno la kuilazimisha kompaila iisome na kuiandika kwenye memori kila mara), longjmp ikisharudi thamani yake haitegemewi tena, standadi ndo inavyosema. Kwa -O2 inaweza kukaa kwenye rejista (nafasi ndogo ndani ya CPU) na longjmp ikarudisha rejista ya zamani. Weka `volatile int hatua = 0;` au ifanye static. Kama ni pointa kuwa makini hapa watu wengi wanapita vibaya: ni `char *volatile p`, sio `volatile char *p`, kinachobadilika ni pointa yenyewe.

Jibu 2:
Naongezea, hiyo `int r = setjmp(bafa)` nayo hairuhusiwi hata kama inakompaili bila kelele. Iweke moja kwa moja kwenye sharti, `if (setjmp(bafa) == 0)`, na ukihitaji namba iliyorudi tumia switch. Halafu usije ukaificha setjmp ndani ya fanksheni ya pembeni, ile ikisharudi fremu yake (sehemu yake kwenye stack) haipo tena na kuruka huko ni tabia isiyofafanuliwa, fanya makro. Kompaili na -Wextra pia, GCC ina onyo la -Wclobbered humo, inakamata baadhi ya hizi.

Muulizaji:
Asanteni sana, inasoma 2 sasa. Na memori ambayo kodi ilichukua kwa malloc kabla ya kufa?

Jibu 1:
Inavuja, longjmp haisafishi chochote, faili zilizofunguliwa nazo zinabaki wazi. Kama uko kwenye Linux mi ningeachana na kuruka kabisa kwa testi za aina hii: fork() (inaigawa prosesi iwe mzazi na mtoto), mtoto aite exit ya kweli, mzazi asubiri kwa waitpid asome namba ya exit kwa WEXITSTATUS. Ni polepole kidogo ila hakuna volatile ya kukumbuka. Piga fflush(NULL) kabla ya fork tu, la sivyo maandishi yaliyobaki kwenye bafa ya stdout yanaweza kutoka mara mbili.