Nyumba ya bei nafuu karibu na bahari: niangalie nini kabla sijalipa?

mwalimu_wa_hesabu

Habari zenu. Nimefundisha hesabu miaka 31 na mwakani nastaafu. Mume wangu ni fundi cherehani, kazi yake anaweza kuifanyia popote. Tumepata nyumba ya vyumba vitatu kwenye mji mdogo wa ufukweni, mtaa wa tatu kutoka majini. Bei yake haifiki nusu ya nyumba kama hiyo huku tunakoishi, na kwa mafao yangu tunailipa yote bila mkopo. Tuliiona mara moja tu, siku ya jua. Kuta zimepakwa rangi mpya nyeupe, kisima kipo uani, na ukitulia unayasikia mawimbi. Mume wangu alisimama barazani akanyamaza muda mrefu, nikajua ameshaipenda.

Mimi hesabu ikinikatalia silali. Kwa nini iwe rahisi hivi? Dalali anasema mwenye nyumba ana haraka. Fedha hizi ni jasho la maisha yangu yote ya kazi na hakuna nyingine zinazofuata. Mnaoishi pwani, au mliowahi kujenga huko, naomba mnisaidie.

fundi_zege

Shikamoo mwalimu. Kilichonishtua mimi ni hiyo rangi mpya.

Nimejenga na kukarabati nyumba za ufukweni karibu miaka 20. Watu huogopa mawimbi, lakini kinachokula nyumba nyingi ni upepo. Wimbi likipasuka linarusha vinyunyu usivyoviona kwa macho. Vikikauka inabaki chumvi, nayo inatua kwenye kila kitu: bati, bawaba, vitasa, nyaya za umeme. Kwenye zege inapenya taratibu, mwaka hadi mwaka, mpaka inaifikia nondo. Nondo ikishika kutu inavimba, maana kutu huchukua nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilicholiwa. Zege haina pa kuipisha, inapasuka. Ufa ukifunguka chumvi inaingia kwa urahisi zaidi, na kuanzia hapo mambo yanakwenda mbio.

Rudi na nyundo ndogo. Gonga nguzo moja moja, gonga linta juu ya madirisha, gonga zege ya baraza upande wa chini. Mlio mkavu, mkali, hapo ni pazima. Ikilia kama debe tupu, zege imeshaachana na nondo. Tazama pia nyufa ndefu zilizonyooka kufuata nondo, na michirizi ya kahawia inayotokeza chini ya rangi. Ukiona unga mweupe ukutani karibu na sakafu, hiyo ni chumvi inatoka ndani.

Na uliza mchanga wa ujenzi ulitoka wapi. Usimuulize muuzaji, muulize jirani mzee aliyekuwepo nyumba ikijengwa. Wapo watu wamechota mchanga ufukweni wakafyatulia matofali na kuchanganyia zege bila kuuosha. Nyumba kama hiyo imezaliwa na ugonjwa wake ndani, hata ikiwa mbali na maji.

Kufunika nyufa kwa lipu si matengenezo. Inabidi zege mbovu ibomolewe mpaka nyuma ya nondo, chuma kisafishwe au kibadilishwe, ndipo ijazwe upya. Ni kazi ya gharama, mwalimu, nakuambia ukweli. Ukishanunua, bawaba na skrubu za nje weka stenlesi ya daraja la 316. Ile ya 304 ni nzuri bara, lakini baharini inaanza madoa mapema.

mkazi_mwaka_wa_tisa

Dada, mimi nilinunua hivyo hivyo unavyotaka kununua wewe, baada ya siku moja ya jua. Huu ni mwaka wangu wa tisa na sina mpango wa kuondoka. Nalitanguliza hilo kwa sababu nitakayosema yanaweza kusikika kama ya mtu anayejuta.

Nianze na kisima. Changu kilikuwa kitamu nilipohamia. Mwaka wa tatu nyumba ziliongezeka, kila uwanja ukafungwa pampu, na maji yakaanza kukolea chumvi. Mhandisi wa maji alinichorea kwa kijiti mchangani: maji baridi ya ardhini, yaani yasiyo na chumvi, yanaelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi. Kwa kila mita 1 ambayo maji baridi yamesimama juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo kuna takriban mita 40 nyingine za maji baridi. Sasa pampu zikiyashusha kwa mita 1 na yakakaa hapo, chumvi inapanda kutoka chini mara 40 ya hiyo. Wewe utaiona hiyo hesabu haraka kuliko nilivyoiona mimi. Yaonje maji ya kisima hicho, ila uyaonje mwisho wa kiangazi, na uwaulize walio mbele yako upande wa bahari vyao vikoje. Uliza na karo la choo liko wapi. Pwani maji ya ardhini yako juu, na karo likiwa jirani na kisima utakuwa unakunywa usichokitaka. Mimi sasa nakinga mvua kwenye matangi mawili.

Halafu nenda siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Bamvua kubwa zaidi huja karibu na mwezi wa tatu na wa tisa. Upepo ukivuma kutoka baharini siku hiyo, simama mtaa wa kwanza uone maji yanaishia wapi. Mimi niko mtaa wa pili. Nilipofika kulikuwa na mstari wa miti mbele ya nyumba za mbele. Leo hakuna mti hata mmoja. Kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimita 20, na kasi imeongezeka. Ni kimo kidogo, lakini kwenye ufukwe uliolala maji yanajipatia hatua nyingi. Ulizia bima sasa, kabla ya kulipa. Wenye bima wanajua mitaa inayofurika.

Lililoniuma kuliko yote halikuwa la nyumba. Usiku mmoja mume wangu alibanwa na kifua. Zahanati ya mji hufungwa jioni, na gari la wagonjwa lilichukua saa 1 na dakika 40 kutufikia. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini nikiwa nimemshika mkono barazani nilielewa sehemu ya ule unafuu ilikotoka. Ninyi mnakwenda kuzeeka huko. Pimeni safari ya hospitali kwa saa, na muipime usiku.

Na msimu wa wageni ukiisha, mji unabadilika. Mwaka wa kwanza niliwahi kuhesabu taa zilizowaka mtaani kwetu: tano. Maduka hufunga, na wateja wa mumeo watapungua pia. Nililia sana miezi ile. Kilichonishika ni wanawake wawili wa mtaa wa nyuma walionichukua kutembea nao maji yakipwa, kila asubuhi, hadi leo. Hao sikuwaona siku ile ya jua.

Pangeni kwanza, dada. Mwaka mzima, misimu yote.

karani_wa_hati

Waliotangulia wamegusa mengi, naongeza la karatasi. Nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ukakague hati. Jina lililoko kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia, na kama ni urithi warithi wote wasaini. Tafuta mpima na wakili wako, si wa kuletewa na dalali. Nchi nyingi zinazuia ujenzi ndani ya umbali fulani kutoka alama ya maji kujaa, na ukanda wa ufukwe ni wa umma. Hivyo kagua kama nyumba ilijengwa kwa kibali, na kama sheria ya leo ingeruhusu ijengwe tena hapo ikianguka. Haraka ya muuzaji isiwe haraka yako.

mwalimu_wa_hesabu

Narudi baada ya wiki tano. Tulikwenda bamvua ya mwezi mpevu, na fundi wa kwetu akaja na nyundo. Hati ni safi kabisa. Maji yaliishia mtaa wa kwanza, kwenye vizingiti. Lakini linta ya jikoni ililia debe, na nguzo mbili za baraza pia. Fundi alipobandua rangi kidogo, nondo ilikuwa inatoka magamba. Mume wangu alikaa chini palepale barazani. Jirani wa upande wa bahari ameshafukia kisima chake.

Hatukuinunua. Tumepanga nyumba nyingine kwa mwaka mmoja, mtaa wa sita, kwenye mwinuko, nusu saa kutoka hospitali. Bahari tunaiona kipande tu, kati ya paa mbili. Mkazi, asante kwa kutuambia la mumeo.

Nina swali moja tena kwa fundi_zege: cherehani ya mume wangu ni ya chuma tupu, ameirithi kwa baba yake. Tutailindaje?

fundi_zege

Mwalimu, isikae dirisha linalotazama bahari. Kila jioni aipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha tone la mafuta ya mashine kwenye kila kiungo. Aifunike kwa shuka la pamba, si nailoni, maana nailoni inafungia unyevu ndani. Sindano azitie kwenye kopo lenye mfuniko unaobana, na kitambaa kilicholowa mafuta kidogo. Bisibisi zangu nimeziweka hivyo miaka yote na bado zinang'aa.