Vitabu vya biashara: vinafundisha kazi, au vinasimulia ushindi wa wengine?

Mleta mada:
Wakuu, salaam. Nimesoma vitabu vya biashara kwa miaka mingi, vya ufanisi, vya mikakati, vya ubunifu, na sasa nina msimamo ambao naomba mnipinge kwa hoja: vya ufanisi visomwe kwa kalamu mkononi, vya mikakati visomwe kama hadithi za kulalia.

Mwaka 1982 Tom Peters na Robert Waterman walitoa *In Search of Excellence*, wakisifu makampuni 43 ya Marekani. Miaka miwili baadaye jarida la BusinessWeek likaonyesha kuwa karibu theluthi yake yameshaanza kuyumba. Mwaka 2001 akaja Jim Collins na *Good to Great*, safari hii kampuni 11 tu. Mojawapo, Circuit City, wenye maduka ya vifaa vya elektroniki, iliomba kinga ya mufilisi 2008. Nyingine, Fannie Mae, ya mikopo ya nyumba, mwaka huohuo ilibidi serikali iishike mkono isizame.

Collins hakuwa mzembe, yeye na timu yake walichimba takwimu miaka mitano. Kasoro iko kwenye njia yenyewe. Unamwita mshindi, unamuuliza alifanyaje, kisha jibu lake unaliita kanuni. Yule aliyefanya vilevile akaanguka, nani alimuuliza? Halafu angalieni lugha: faida ikipanda, bosi ana msimamo. Ikishuka, bosi yuleyule ni mbishi asiyesikia.

Fundi Mitambo:
Mkuu, nusu nakubali. *The Goal* cha Eliyahu Goldratt, cha 1984, kimeandikwa kama riwaya lakini kilinifaa kuliko semina zote. Kinasema kiwanda hakiendi kasi kuliko mashine yake inayokwamisha. Kwetu kila mtu alikuwa anahimizwa akimbie, na mzigo unarundikana mbele ya mashine ya kufungasha. Tukapunguza kasi huko nyuma (wakubwa walitucheka), tukahakikisha ile ya kufungasha haisimami hata wakati wa chakula. Rundo likaisha, na mzigo uliotoka getini ukaongezeka.

Ila hao wa ufanisi usiwatakase. Akaja meneja mwingine, amesoma mambo ya Toyota ya kutokuweka akiba, akafuta stoo ya vipuri karibu yote. Mkanda mmoja ukakatika, tukakaa siku tisa tunatazamana. Toyota wenyewe, baada ya tetemeko la 2011, waliwataka wasambazaji wao waweke akiba ya chipu za kielektroniki ya miezi kadhaa, na uhaba wa chipu ulipoanza kuwabana watengenezaji wa magari, wao walistahimili muda mrefu kuliko wenzao wengi. Sura hiyo meneja wetu hakuifikia.

Bi Mizania:
Mimi nimefanya kazi ya hesabu, na ninavitetea vya mikakati. Chukueni mfano unaochosha kuliko yote, Kodak, kampuni ya filamu za kupigia picha. Kila anayehubiri ubunifu anasema walilala. Si kweli. Mhandisi wao Steven Sasson aliunda kamera ya dijitali 1975, na katikati ya miaka ya 2000 Kodak ilikuwa miongoni mwa wauzaji wakubwa wa kamera hizo Marekani. Shida ilikuwa kwenye mizania: filamu ilikuwa na faida nono, mteja anairudia kila akimaliza picha, wakati kamera ya dijitali anainunua mara moja na faida yake ni nyembamba. Januari 2012 wakaomba kinga ya mufilisi. Fujifilm, wapinzani wao wa Japani walioumizwa na jambo lilelile, walichukua ujuzi wao wa kemikali wakaupeleka kwenye utando wa skrini, dawa, hata vipodozi vya ngozi.

Kuuliza ujuzi wetu unaweza kuuzwa wapi kwingine, huo ni mkakati. Hakuna saa ya kupimia kasi ya mashine itakayokupa jibu hilo.

Mleta mada:
Bi Mizania, umenibana. Lakini ona: umetueleza Kodak baada ya msiba. Ningekuuliza mwaka 1998 nani atapona kati ya hao wawili, ungesemaje?

Ndiyo maana namheshimu Clayton Christensen, profesa wa Harvard mwenye nadharia ya jinsi wageni wadogo wanavyoangusha kampuni kubwa, kuliko wengi, na sababu yangu itawashangaza: alikosea hadharani. Mwaka 2007 alisema nadharia yake inaonyesha Apple haitafanikiwa na iPhone. Ikafanikiwa kupita kiasi. Angalau aliweka neno mezani kabla ya mechi kuisha.

Bi Mizania:
Mwaka 1998 ningesema Kodak, jina lao lilikuwa kubwa zaidi. Nakiri. Ila na wewe kiri kwamba Fundi alipima kasi ya mashine iliyokuwa mbele ya macho yake. Mimi naulizwa kuhusu mashine ambayo bado haijaundwa.

Fundi Mitambo:
Basi nitajieni kitabu kimoja cha mikakati kilichosema mapema ni dalili gani itaonyesha kwamba kimekosea. Kipo?