Katuni za zamani au za sasa kwa mtoto wa miaka 3? Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Nina binti wa miaka 3, nimeanza kumwonyesha Thomas & Friends ya mwanzo, kipindi cha treni zenye nyuso, ile ya Uingereza ya 1984 iliyopigwa kwa treni ndogo za modeli zinazotembea relini kweli. Msimulizi mmoja, moshi unapanda taratibu, mtoto anapata nafasi ya kuniuliza, "Baba, mbona amenuna?"

Juzi tukaweka toleo la 2021, la kuchorwa. Treni zinaruka, picha inabadilika kabla hajafungua mdomo. Alikodoa macho tu, kimya. Nilipozima, alilia mpaka sauti ikakauka.

Sisemi vipya vyote ni vibaya. Daniel Tiger's Neighborhood, kilichoanza 2012 kikitokana na kipindi cha Fred Rogers, mtangazaji wa vipindi vya watoto wa Marekani, kimemfundisha kuvuta pumzi na kuhesabu hadi nne akikasirika. Anafanya kweli, kwa vidole.

Ila mama yake anasema namnyima mtoto vitu wanavyoviongelea wenzake. Wazazi wenye uzoefu, nimwachie vyote kwa kiasi, au nishikilie vya zamani mpaka akue kidogo? Na mnazimaje televisheni bila kilio?