MREJESHO: Mke wangu PA, kutoka Minnesota kuhamia Texas

Wakuu, niliuliza kama mke wangu, ambaye ni PA (kazi inayokaribiana na ya tabibu kwetu), anaweza kuhamia Texas na kuendelea kuandika dawa kama kawaida. Jibu fupi: hapana, si kama kawaida.

Mtihani wa taifa harudii, huo unatambulika Marekani nzima. Leseni ndiyo ya jimbo, kwa hiyo anaomba upya, na usajili wa DEA (shirika la Marekani linalosimamia dawa zinazodhibitiwa) nao lazima uwe wa Texas.

Kilichomkera ni dawa. Minnesota iliondoa usimamizi wa daktari mwaka 2020. Texas bado unafanya kazi chini ya daktari, na mnasaini mkataba wa maandishi wa kukukasimia mamlaka ya kuandika dawa. Dawa zinazodhibitiwa (zimepangwa kwa makundi, namba ndogo ndiyo hatari zaidi ya uraibu) za kundi la 3 hadi la 5, anaandika za mwisho siku 90, na kwa mtoto wa chini ya miaka 2 PA lazima azungumze na daktari kwanza. Kundi la 2, kama oxycodone au Ritalin, kliniki ya kawaida haruhusiwi kabisa. Ni hospitalini, kwa wagonjwa waliolazwa au wa dharura, au kwa walio kwenye hospisi (huduma ya wagonjwa walio mwishoni mwa maisha). Elimu ni ileile, mikono ni ileile, umevuka mpaka tu!

Aliyenishauri aulize kwanza daktari msimamizi atakuwa nani, asante sana. Daktari mmoja ana kikomo cha watu 7 wa kukasimia, na kliniki ya kwanza nafasi zilikuwa zimejaa. Sasa anafuatilia kazi ya idara ya dharura.